Nadai Ndimu Yangu

Tufail alirudi dukani siku ya pili,
kichupa mkononi, daftari kwapani,
kioo chake cha fundi saa kikining'inia shingoni.
"Bi Kishwar, umeniuzia ndimu.
Nilijipaka saa tisa na dakika kumi, hapa, kwenye mshipa wa mkono.
Saa tisa na dakika thelathini na tano, ndimu haipo.
Nimeandika.
Nadai ndimu yangu."

Kannauj nzima ilinuka waridi siku zile:
mitaro, noti za rupia, hata chapati.
Mikokoteni ya maua ilikuwa inapita tangu alfajiri,
na uani kwangu Jagdev alichuchumaa mbele ya sufuria ya shaba,
akiziba kifuniko kwa udongo mbichi,
akiigusa kwa kiganja kuuliza moto umefika wapi.

Nikamwambia: ndimu haikuibiwa, fundi.
Ndimu ni mpiga hodi.
Mwepesi wa mguu, mtamu wa mdomo,
mlango ukishafunguliwa, kesha kwenda nyumba ya pili.
Ulitaka alale kwako?

Hakucheka.
Fundi saa hachekelei dakika ishirini na tano zilizopotea.

Siku ya tatu akaja na shtaka jipya.
"Sasa ni waridi. Waridi, iliki,
na kitu kama asali iliyoanza kuungua.
Kuanzia saa kumi mpaka magharibi.
Mke wangu kapenda, hilo sikatai.
Lakini mimi sikununua waridi."

Ulinunua.
Ulinunua nyumba nzima ukadhani umenunua mlango.
Waridi alikuwamo ndani muda wote, amekaa,
ila ndimu alimzidi kelele.

Akaandika hilo pia. Kisha, polepole:
"Na usiku? Usiku kuna nani?"

Mkono wangu ukasita juu ya mizani.

Usiku kuna msandali, nikasema.
Mafuta yake ndiyo yaliyotangulia chunguni,
yakatulia gizani, ndani ya maji baridi,
yakingoja mvuke wa maua uyaangukie
tone, tone, siku kumi na tano.
Wa kwanza kuingia, wa mwisho kunukia.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe:
basi huyo ndiye aliyelipokea jembe.
Ndiye anayemshika waridi upindo wa nguo
asiondoke mapema.

Haya nayajua kwa mdomo.
Kwa pua, siyajui tena.
Miaka thelathini na moja nimeishi ndani ya msandali,
umo ukutani, umo kwenye nywele, umo kwenye chumvi,
na mimi siupati.
Wewe unazisikia saa zako, fundi?

Alifikiri sana.
"Zikisimama."

Basi kesha kwa ajili yangu, nikamwambia.
Niandikie.

Siku ya nne nilimkuta kizingitini, kufuli bado halijatoka.
Alisoma amesimama, kama karani wa mahakama:

"Saa nne usiku. Waridi mmoja, kwa mbali,
kama mtu aliye chumba cha pili.
Saa nane. Nililala. Samahani.
Saa kumi na moja alfajiri. Hakuna ua.
Ni kama kufungua tumbo la saa kuukuu ya ukutani:
mbao, mafuta kidogo,
na joto la mkono wa mtu
aliyetoka kuitia ufunguo sasa hivi."

Nikamwomba arudie, kuanzia kwenye mbao.
Akarudia.
Nikasogeza pua kwenye mshipa wake, nikavuta pumzi:
hakuna kitu, ni jasho la fundi na sabuni.
Lakini nikaliona lile tumbo la saa, mlango wake wazi.

Nikafungua rejesta, nikatafuta jina lake,
rupia mia nne za mkopo,
nikazipiga mstari.

Alikuwa keshashuka ngazi mbili. Akageuka.
"Ndimu," akasema, "bado naidai."