Pungufu: Jeki Moja

Chumba cha masijala kinatazama bandari,
dirisha halifunguki tangu walipopaka rangi ya kijani
juu ya vumbi, juu ya bawaba, juu ya mjusi.
Harufu ya dagaa wa Kirumba huingia hata hivyo,
haina haja ya kibali.

Nimetumwa kuhesabu majalada ya vita,
yale ya sabini na nane kwenda tisa,
kabla paa halijavuja tena.
Naorodhesha: magunia ya mahindi, magunia ya dengu,
ng'ombe wa Kwimba mia mbili na sita,
kuku, ambao idadi yao makarani wawili
wamebishania pembeni kwa wino tofauti,
sabuni, mablanketi, meli iliyoondoka usiku
taa zimezimwa,
abiria wake wameandikwa kwa kilo.

Jalada la magari limefungwa kwa kamba ya katani.
Panya amekula namba za usajili,
wino wa zambarau haukumpendeza.
"Lori moja, Bedford, tani saba.
Mwenye mali: Malongo Nkinga, mnunuzi wa pamba, Igogo.
Limechukuliwa kwa shughuli za taifa.
Tairi sita na ya akiba. Turubai. Jeki moja.
Dereva: Fumbuka."
Sahihi. Muhuri.
Ukurasa wa pili, miezi saba baadaye:
"Limerejeshwa. Kioo kimevunjika.
Pungufu: jeki moja."

Mtu angesoma na kupita. Mimi nilipita.
Chai ilikuwa inapoa.

Kumbe jeki ina barua zake,
kumi na moja, zimebanwa kwa pini yenye kutu.
Malongo anadai jeki. Mhasibu anauliza thamani.
Bohari linasema halina. Mhasibu anauliza tena.
Jeki ile imezunguka ofisi nyingi
kuliko lori lilivyozunguka vitani.

Na katikati yake, kama mgeni aliyekosea nyumba ya msiba,
karatasi ya daftari la shule,
mwandiko wa mtoto anayeng'ata ulimi akiandika:
"YAH: KUMUULIZIA UTINGO.
Mimi Nyanzala wa Misungwi sijui kusoma,
anaandika mjukuu. Mwanangu Ngasa alipanda lori hilo.
Lori nimeliona sokoni limebeba pamba.
Naomba kujulishwa."
Pembeni, kwa wino mwekundu, afisa fulani:
Haihusu vipuri. Ihifadhiwe.

Nikarudi ukurasa wa kwanza.
Tairi zina mstari wao, turubai lina mstari wake.
Utingo hana safu.

Barua ya tisa ni maelezo ya dereva,
ameapa mbele ya karani ili asikatwe mshahara:
"Tulikuwa ng'ambo ya Kyaka, usiku, tope.
Tairi ya nyuma imepasuka. Kijana ameingia chini.
Mzinga ukalia karibu, wa pili karibu zaidi,
nikaamriwa niondoe gari.
Hivyo jeki sikuiuza, wala sikuiibia serikali.
Jeki ilibaki mkononi mwa utingo."

Wakaridhika.
Malongo akalipwa shilingi mia na arobaini,
akatia sahihi mara tatu.

Huko upande wa pili, Masaka labda, au Jinja,
yupo karani mwingine mbele ya kabati lake,
na jeki yake. Sijui wao wanaiitaje.
Mvua ya ziwa haiulizi
inyeshee jalada la nani.

Kanuni ya kwanza tuliyofundishwa:
usiandike juu ya kumbukumbu.
Ya pili: ukilazimika, tumia kalamu ya risasi,
maana inafutika.
Na lugha yetu nayo, haikuona jina jingine
la kumpa kalamu ya watoto.

Nimeitoa barua ya Nyanzala ilipokuwa,
nimeibana pamoja na maelezo ya dereva,
pini moja, mpya.
Kisha kwenye orodha, chini ya jeki,
nimeandika kwa risasi, bila kukandamiza:
Ngasa.

Safu ya thamani nimeiacha.
Mhasibu atauliza.