Ukoko

Jiko lisilo na moshi, mjini Moshi:
ndivyo alivyotania kaka yangu Elirehema
siku tulipolishusha kutoka kwenye kontena,
kioo cheusi, bapa, kama ubao wa shule
kabla mwalimu hajaandika neno.
Mama alilizunguka mara mbili.
Akauliza: moto wake umelala wapi?

Leo mchana uliamka.
Mtori ulifura, ukapanda, ukamwagika,
na mama alikuwa nje kibarazani, hapa Rau,
akihesabu kwa vidole migomba ya kihamba
tulichokiuza, huu mwaka wa tatu.
Luku ilikuwa inakula uniti.
Nilipofika kutoka kazini, nyumba inanuka hadi barabarani,
nilisema maneno
ambayo sitayaandika hapa.

Sasa ni saa nne usiku.
Amelala, au amenyamaza.
Kwa mama yangu, siku hizi, sijui tofauti.

Tumebaki mimi na ukoko.

Utotoni tuliupigania ukoko,
ule wa wali wa Krismasi, kahawia, wenye mafuta,
na aliyepewa sufuria kuikwangua
alitembea uani kama jumbe.
Huu hauna mgombea.
Umejikunja pete nyeusi juu ya kioo,
umekaa kama mdai kizingitini,
haondoki, hapigi kelele.

Nilianza na stiliwaya, na hasira.
Kioo kikalia.
Nilipofuta nikaona mkwaruzo mmoja,
mwembamba kama unywele wa mvi.
Huo si wa mtori. Huo ni wangu.

Na yale niliyofundishwa, majivu,
mchanga wa mtoni, jani kavu la mgomba
lililong'arisha masufuria ya ukoo mzima,
kioo hiki kinayakataa yote.
Nikasimama pale, mwanamke wa miaka hamsini na moja,
sina elimu.

"Ndeshi, unagombana na nani?"

Miguu mitupu, sweta ya marehemu baba,
vifungo vimeruka tundu moja.
"Na ukoko, mama."
"Ukoko haugombwi. Hulowekwa."
Akafungua kabati bila kuuliza lipi,
akanyunyiza magadi kama anayeunga kiburu,
akadondosha siki, povu likachemka bila moto,
akafunika kwa kitambaa cha maji moto
na kukigonga mara moja kwa kiganja,
kama mtu anayembembeleza mtoto.
Tukangoja.
Mbwa wa jirani alibweka akachoka.
Sikuwahi kujua kwamba kungoja nako ni kusafisha.

Kisha akaniomba wembe.
Niliogopa kumpa; nikampa.
"Ulaze," akasema, "ulaze kabisa,
kama unamnyoa mchanga nywele za kwanza.
Ukiusimamisha, utamkata."
Na ukoko ukaja, magamba kwa magamba,
ukimfuata mkono wake kwa utii.
Kichwa ndicho kilichotangulia safari.
Mikono bado ipo, inafunga mlango.

Nikasema: "Mama, nisamehe ya mchana."
Akanitazama kwa upole wa mgeni.
"Ya mchana gani?"

Basi deni likabaki kwangu peke yangu,
maana mwenye kusamehe
hana tena daftari.

Asubuhi, baridi ya Julai,
alikuja jikoni akashika mdomo.
"Mmenunua jiko jipya!"
Nikamwambia ndiyo.
Akainama juu ya kioo, akapuliza,
pumzi tatu fupi, kwa mazoea,
kama anayeamsha kaa lililofukiwa tangu jana.
Hakuna kilichowaka.
Ukungu mdogo ukatua juu ya weusi,
mviringo, pale pale ilipokuwa pete.
Kitambaa kilikuwa mkononi mwangu.
Nilikikunja, nikakirudisha msumarini,
nikamuuliza tupike nini leo.