Mstari wa Mwisho, Ukurasa wa Nne

Nimeshachapa barua nne za namna hii
tangu niajiriwe na klabu ya kiwanda cha kamba.
"Uongozi unakushukuru kwa mchango wako."
Hubadilika jina tu, na tarehe.
Ya leo ni ya Wubbo Terpstra,
ambaye Barabara ya Kumi na Mbili jina liliwashinda
wakamwita Kocha Ubao,
naye akaitika, kesho yake akaja na ubao kweli,
kaubana kwapani kama mtoto anayewahi chuoni.

Wasifu wake umo kwenye faili, kurasa nne.
Alianzia Delfzijl, miaka thelathini, goti bovu,
msaidizi wa msaidizi.
Kumasi: Aprili walimbeba mabegani,
Juni wakamvunjia kioo cha gari.
Suri ya Omani, nusu mshahara
na nusu nyingine inshallah.
Mji wa Bolivia ulio juu mno,
mpira ukipigwa unapaa kama umeitwa,
wageni wakitapika kabla ya mapumziko.
Chiang Mai, miezi saba. Blantyre, miwili.
Kisha kijiji cha Aisilandi ambako golikipa
alikuwa daktari wa meno;
walipofungwa tano Jumamosi
Jumatatu alimng'oa kocha jino, bure.

Kila mstari una siku ya kuingia na siku ya kutoka.
Sababu ya kutoka hajaiandika popote.
Nilimuuliza.
"Ni ileile, Bi Mwanamkasi," akasema. "Mabao."

Tanga tunasema waja leo waondoka leo,
na nusu ya mji ni watu waliokuja leo
wakasahau kuondoka.
Siku ya nne alinunua baiskeli Ngamiani,
Foniksi nyeusi ya mtumba,
kiti kakipandisha mpaka chuma kikagoma.
Hapa kila mtu hupanda baiskeli,
lakini hatukuwa tumeona mzungu
anayepita Makorora mgongo wima, mkono mmoja,
wa pili kashika mkate,
bila kuangalia chini hata kidogo.
Nikasema, huyu hakuja ugenini.

Mimi ndiye niliyempa ile methali.
Akaiandika ubaoni kwa chaki, herufi kubwa:
KAMBA HUKATIKIA PABOVU.
Akaniuliza Pabovu ni mji wa wapi,
maana huenda aliwahi kufundisha huko.

Wachezaji walicheka wiki nzima.
Na wiki hiyo walishinda.
Na iliyofuata.

Halafu Korogwe, dakika ya themanini na nane,
Hoza wetu wa kushoto, mtoto wa watu,
akateleza peke yake, hakuguswa,
akamvuta mtu jezi ndani ya kumi na nane.
Penalti. Jukwaa zima lilitaja mama wa refa.
Kocha hakupiga kelele.
Alisimama akijifuta chaki vidoleni
kwenye suruali, pole pole, kidole kimoja kimoja,
na ilikuwa mechi ya sita hivyo.

Kamati ilikutana Jumanne.
Uamuzi ulifika kabla ya maandazi.

Alikuja kuchukua barua, akaisoma kasimama.
Akanionyesha: nimeruka herufi kwenye jina lake.
Nikachapa upya.
Kisha akasema, "Na kule, niongezee mstari."
Nikafungua faili.
Tanga, Februari mpaka Septemba.
Chini ya ukurasa wa nne palikuwa na nafasi
ya mstari huo mmoja, basi.
Akainama kwenye kioo cha kompyuta,
akautazama muda mrefu kuliko barua.
"Umejaa," akasema. "Vizuri."
Sikumuuliza ni ukurasa au nini.

Watu wanasema yuko Nepali. Wengine, amestaafu,
anafuga kuku kwao.
Mimi nina baiskeli.
Niliikuta imeegemezwa mlangoni kwangu,
ufunguo umefungwa kwa kipande cha kamba ya kiwandani.
Fundi wa Chumbageni ameshusha kiti mara mbili.
Miguu bado haifiki.
Naikokota mpaka kazini, naikokota kurudi,
na vijana wananisalimia, Bi Ubao.