Marashi ya Mnyoo

Alikuja Jumanne, saa ya jua kutoboa bati,
akaweka mezani, kati ya udi na miski,
mnyoo.

Nilirudi nyuma hadi rafu ikanigonga kisogo.
"Wa mpira, mama," akasema, akauvuta mkia,
ukarefuka, ukarudi, ukatikisika,
zambarau, na vumbi la dhahabu tumboni.
Kaipata pakiti nzima ndani ya koti la mtumba, pale Mbuyuni,
minyoo ishirini kasoro mmoja:
mwenye koti, huko alikofia au alikonenepa,
alikuwa amevua mara moja tu.

Jina lake Ndelilio, fundi redio,
vidole vyote makovu ya lihamu.
Jumapili hushuka Nyumba ya Mungu kwa pikipiki ya shemeji yake.
"Kambare anaubeba," akasema. "Namsikia kwenye mshipi: tk.
Kabla mkono haujajua, kautema.
Nataka unitilie harufu."

Miaka kumi na tisa nauza manukato hapa Moshi.
Nimewanukisha maharusi, nimewanukisha maiti,
na bwana mmoja alinunua asumini ya kumpaka beberu,
sikumuuliza kwa nini.
Mnyoo, ndiyo kwanza.

Nikaunusa. Harufu ya ndala mpya,
ya godoro la hospitali kabla ya shuka.
Ningekuwa kambare ningetema pia.

Waridi hapana, nikamwambia.
Maji ya waridi na maji ya bwawa ni ndugu,
yatakumbatiana kabla hujakaa vizuri juu ya jiwe.
Inatakiwa mafuta. Mafuta hung'ang'ania mpira
kama deni linavyong'ang'ania jina.

Wa kwanza niliuua mwenyewe:
kwa ujuaji wangu nilitia tone la tapentaini,
asubuhi nikakuta uji wa zambarau.
Wakabaki kumi na wanane.
Nikashika adabu. Nikaponda kitunguu saumu,
nikatwanga dagaa mpaka wakawa ungaunga,
chumvi kidogo, shamari ya kubahatisha,
nikazika yote kwenye mafuta ya alizeti, chupa ya jemu,
siku tatu chini ya meza.
Wateja wa udi wakanunua huku wameshika pua.
Paka wawili wa muuza nyama wakahamia mlangoni kwangu
wakanitazama kama mahakimu.

Jumatatu alirudi na kambare kwenye gunia,
masharubu yamelala kama nyaya za redio mbovu.
"Harufu haimwiti," akasema. Alikuwa hajalala, macho mekundu.
"Nilidhani inamwita. Anakuja kwa mtikisiko,
kama mwanzo, vilevile.
Ila sasa anachelewa kutema.
Sekunde moja, mama.
Mimi sekunde moja inanitosha."

Akaenda zake. Nikabaki na gunia.

Mimi nilikaa Pasua miaka saba
nyumbani kwa mtu laini, mwenye kumeta,
ukimvuta anarefuka, ukimwachia anarudi vilevile,
na ndani yake hakuna nyama.
Nilijua tangu wiki ya pili. Ulimi hujua.
Lakini kila alfajiri alinukia kahawa mbichi ya kukaangwa
na sabuni ya mche,
nami nikasema, ngoja,
hebu ngoja kidogo,
na katika hiyo ngoja nilizaa watoto wawili.

Sina ninalomlaumu kambare.

Nilimpasua juu ya gazeti, nikatafuta tundu la ndoana
pembeni mwa mdomo: dogo,
hata njugu mawe haipenyi.
Nikamsugua kwa majivu na ndimu, nikamsugua tena,
mikono ikanuka kitunguu saumu hadi Alhamisi,
bibi harusi mmoja akanirudishia chupa.

Daftarini, chini ya
"udi, Bi Rukia, nusu tola, anadaiwa",
niliandika kwa mkono uleule:
"minyoo, kumi na minane.
Imelipwa."