Yaliyogoma

Siku ya ishirini na mbili, Newala.
Nayapasua yaliyogoma, moja moja, kwa mpini wa kijiko.

Hili halina mbegu. Jogoo wa Mama Chitanda kazeeka,
anapanda kwa mazoea.
Hili lina duara la damu; lilikawia jikoni kwake.

Lakini haya, arobaini na ushee:
vifaranga kamili, manyoya yote,
midomo imeshafika kwenye chumba cha hewa,
utando umewakaukia mwilini kama gundi.

Unyevu.

Wiki ile bomba lilikoroma tu.
Ndoo ilibaki moja.
Trei ya mashine ilidai lita yake,
na Somoe ana homa, midomo imempasuka.

Kwenye daftari niliandika: jogoo.
Nikakata.
Nikaandika: maji.

Mama Chitanda hajui kusoma.
Nitamsomea.