Mfu wa Saa Moja na Nusu

Nilikufa saa nne kasorobo asubuhi,
shambani kwa bibi mmoja wa Võru, kusini mwa Estonia,
kando ya matuta ya viazi tuliyokatazwa kuyakanyaga.
Fulana yangu ililia kama kifaranga aliyebanwa na mlango,
na mwamuzi, Mdenmaki mrefu mwenye kitambaa cheupe mkononi,
akaja bila haraka, akanipa bahasha.
Ndani mlikuwa na kadi. Nilijisomea kifo changu:
Kifua. Risasi moja. Husemi. Husogei.
Akatazama saa, akaandika,
akaenda kuua wengine.

Tulikuwa mataifa tisa katika msitu ule.
Walatvia walikuwa adui mpaka Alhamisi;
Ijumaa zamu ingetufikia sisi Wareno.
Wapolandi, waliokuja na jiko lao la magurudumu,
walikuwa marafiki wa kila mtu saa ya supu.
Risasi zetu debe tupu, kuvuma ndiyo kazi yake.
Kitabu kilieleza yote, rangi ya moshi, saa ya kulala,
namna ya kufa bila kumsumbua mwenye shamba.

Nikalala chali. Mfu ana nafasi ya kutazama.
Sisimizi alisafiri juu ya jina langu kifuani,
VILARINHO, herufi kwa herufi,
akasita kwenye H kama mtu aliyefika njia panda.

Ndipo akaja yeye.
Koti la mwanamume, buti za mpira,
kikombe cha maziwa mgando mkono huu,
kipande cha mkate mweusi mkono ule.
Akanisemesha. Mimi maiti, kimya.
Akarudia kwa ile sauti ya juu
ambayo watu huwawekea wageni na viziwi.
Nikamkonyeza. Hilo kadi haikulikataza.
Akacheka mpaka maziwa yakamwagika,
akapiga magoti, goti moja, pumziko, kisha la pili,
akamega mkate akanitia mdomoni.
Nilitafuna. Waamuzi wote wanisamehe:
nilitafuna nikiwa marehemu.

Halafu kicheko kikamtoka usoni.
Alinyoosha kidole nyuma ya ghala,
kwenye miti mitatu yenye magome meupe kama karatasi.
Vend, akasema.
Akafungua vidole vyote kumi. Akavifunga.
Akafungua saba.
Kisha akanifunga kifungo cha shingoni,
akaninyoosha kola kwa viganja,
kama mtoto anayepelekwa shule.
Vend.
Akaketi palepale kwenye umande,
na kadi ikanishikilia ulimi.

Saa tano na robo filimbi ikalia,
na wafu wote wakainuka.
Mtaliano kando ya kisima,
Walatvia wawili kutoka chini ya trekta,
wakijipangusa majani, wakiulizana nani ana sigara.
Aliutazama ufufuo ule
kama mtu anayetazama mvua ikinyesha shamba la jirani.
Nami nikasimama.
Akarudi nyuma, hatua moja tu.

Alasiri alifika karani wa fidia na utepe wake:
uzio, mita kumi na nne;
matuta mawili (kwa hiyo yalikanyagwa);
kuku mmoja aliyeacha kutaga, jambo lililobishaniwa
kwa muda mrefu kuliko vita vyenyewe.
Maimu Kõivsaar akatia sahihi.
Kuhusu miti mitatu fomu haikuwa na nafasi.

Ndani ya lori nilimuuliza Tarmo, mkalimani wetu,
vend maana yake nini.
"Kaka," akasema, akipasua pakiti ya biskuti kwa meno.
"Kwa nini? Nani kakuita kaka?"
Nikasema hakuna.
Punje ya mkate ilikuwa imekwama kwenye jino la nyuma.
Niliiacha hapo mpaka kambini.