Mama Mzuri

Mei ile, huko Viljandi, Maimu aliyavisha maua soksi kuukuu
nyuki wasimtangulie,
akayapaka chavua kwa brashi ya mjukuu,
nchani bado ina buluu.

Mbegu arobaini.
Theluji ilichukua zake, sungura wakachukua zao.
Ukasalia mche mmoja.

Miaka tisa.
Leo tufaha la kwanza, dogo kama yai la njiwa.
Anauma. Jicho moja linafumba lenyewe:
siki tupu, na ganda gumu kama kiatu.

Kaljo, jirani, anamnyooshea shoka juu ya ua.

Lakini mti huu ulichanua jalidi ikishapita,
maua ya wenzake yote yameungua.

Maimu ana sabini na sita.
Anatema,
anaandika daftarini, “Mama mzuri,”
na, Septemba hii hii,
anaulizia brashi.